Usiseme Tumbo

Na bado nasema, Sifa, swali lile halikustahili kuwa la kwanza. Tangu asubuhi ulipochukua ndoo ukatoka bila kunijibu nimekuwa nikilirudia kichwani, na kila nikilirudia linanitia aibu zaidi. Mtoto anarudi kutoka chooni, uso umekunjamana, anashika ukuta, na chai haijachemka bado ameshakwenda tena. Mama yake badala ya kusema "pole" anamuuliza: "Uko natembea na nani?"

Ulinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Mama," ukasema, "kesho ninaenda. Uniache niende muzuri." Halafu ndoo, halafu mlango. Hukuubamiza. Ungeubamiza ningepumua.

Sasa ni jioni, wewe uko kwa rafiki zako mnaagana, na Byamungu amekwenda kwaya mapema kuliko kawaida ili niwe na meza peke yangu. Hakusema ni kwa sababu hiyo. Alisema tu kwamba sauti za besi zinahitaji kuamshwa. Lakini kabla ya kutoka aliwasha taa na kufuta kioo chake kwa mkono wa shati, mwanangu, shati lile la kanisani! Nilimgombeza, akacheka, akaniambia masizi hutoka lakini macho ya mke hayanunuliwi. Mtu gani anasema maneno kama hayo huku ana kamasi za mafua? Samahani. Najua unachoka na mimi. Juzi ulimwambia jirani kwamba mama yako siku hizi anacheka peke yake kama redio iliyosahauliwa. Ni kweli. Tangu tulipofunga ndoa naamka nikisikia anapiga mluzi akikoka moto, na nalala pale kidogo, nikijifanya bado nina usingizi, nisiimalize haraka raha hiyo. Sikujua kama Mungu bado alikuwa na kitu cha namna hii kwa mwanamke wa umri wangu, hapa Kashojwa, kambini kwetu Nakivale, katikati ya vumbi na mahema yaliyogeuka nyumba.

Na katikati ya furaha hiyo yote sina amani, kwa sababu yako.

Sitakuandikia habari ya kumsalimia kwa magoti mama mdogo Vumilia, utakayekaa kwake Mbarara, wala ya kufua nguo kabla hazijarundikana. Hayo unayajua, na yale usiyoyajua Vumilia atakufundisha kwa kelele. Nataka kuandika lile ambalo asubuhi lilinishinda kulitaja. Kukojoa kunakouma. Tazama, nimeandika, na mkono haukukatika.

Nimekuona, Sifa. Humalizi kikombe cha maji siku hizi. Unagusa midomo na kukirudisha. Unaogopa njia ya chooni kwa sababu vijana wa karata wameweka kibao chao pale pale, na kila msichana akipita wanapandisha sauti, basi unabana hadi giza liingie. Unakaa magoti yakiwa pamoja na jasho linakutoka bila jua. Nani angeyaona hayo haraka kuliko mimi? Mimi nilikwisha kukaa hivyo hivyo.

Ulikuwa mdogo, unakumbuka vipande tu. Marehemu baba yako alikuwa amekwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya ndizi, anarudi mara moja moja. Mimi nilikuwa na mimba, tumbo limeanza kuonekana chini ya kitenge. Ulikuwa wakati wa kuvuna maharage. Siku moja nikahisi moto. Sijui nikuelezee vipi, labda hakuna haja; ni kama mtu amekupaka pilipili mahali penye mchubuko, na ukishamaliza unahisi hujamaliza, unarudi, yanatoka matone, na kila tone lina meno.

Nilifanya nini? Niliacha kunywa maji. Nilijiambia: kinachochoma ni mkojo, basi nikipunguza maji, mkojo utapungua na moto utapungua. Nilisoma hadi mwaka wa nne wa sekondari, Sifa, niliwahi kuchora figo na kibofu ubaoni kwa chaki ya rangi na mwalimu akanipigia makofi. Hiyo akili yote ilikwenda wapi? Aibu iliila. Mkojo ulizidi kuwa mzito, mweusi kama chai iliyolala, na ulichoma zaidi.

Nikamwendea Mama Esperansi, yule jirani aliyekulea nusu. Yeye alikubaliana na hesabu yangu ya maji kwa nia njema kabisa. "Dada, kidonda haikauki ukikilowesha," akaniambia. Akanichemshia majani na chumvi, akanikalisha juu ya beseni lenye mvuke, blanketi hadi shingoni. Kisha akafungua kitambaa alichofunga kwenye upindo wa nguo yake akanipa vidonge vya rangi mbili, vilivyobaki mume wake alipokohoa. Vilikuwa vichache. Moto ulipoa, tukamshukuru Mungu, na kabla sijamaliza kushukuru ukarudi na ndugu zake. Sasa mkojo ulikuwa kama maji yaliyooshewa mihogo, na ulinuka.

Homa ilipoanza, nilikwenda zahanati.

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Unaijua zahanati yetu ilivyokuwa zamani hizo: benchi moja, watu wamekaa bega kwa bega hadi mlangoni, na mlango wenyewe ni pazia. Ndani, daktari kijana, Munyankole, mwenyeji wa huku, mpole, hajui Kiswahili zaidi ya "karibu." Na kati yake na mgonjwa, kwenye kona ya meza, amekaa mkalimani. Mkalimani wa siku ile alikuwa kijana mwembamba, kiongozi wa besi katika kwaya yetu. Ndiyo. Yeye. Huyo huyo aliyefuta taa kwa shati.

Daktari akasema yake, Byamungu akanigeukia. "Mama Sifa, anauliza unaumwa wapi."

"Tumbo," nikasema.

"Tumbo fasi gani?"

"Tumbo tu, kila mahali. Na homa."

Wakaongea. Byamungu akarudi kwangu, sauti chini kidogo. "Anauliza, ukienda chooni, iko sawa?"

Nikatazama kifungo cha shati lake. Jumapili ningesimama mstari wa mbele, yeye nyuma yangu. Nikawaza: mtu huyu ataimba haleluya huku mikojo yangu iko kichwani mwake. Nikawaza pia: nyuma ya pazia yuko mke wa shemasi, na mume wangu yuko mbali, na mwanamke anayechomwa huko chini wakati mume hayupo, watu wanamwitaje? Unajua wanamwitaje.

"Iko sawa," nikasema.

Nilipewa dawa ya malaria. Simlaumu daktari. Alimtibu mwanamke niliyempelekea, na mwanamke huyo hakuwa mimi.

Siku chache baadaye nilitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Mgongo, hapa pembeni chini ya mbavu, ulikuwa kama umepigwa kwa mchi. Nilitapika hata mate. Baba yako alikuwa hajarudi. Majirani walinibeba kwenye blanketi, gari likapatikana, na njia yote hadi Mbarara nilikuwa nikihesabu mashimo kwa mifupa. Wewe ulibaki kwa Mama Esperansi. Waliniambia baadaye ulilala umeshika kiatu changu.

Kule hospitalini alikuwepo nesi mmoja mnene, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya pale, mwenye Kiswahili cha jeshi, kinachopigwa kama amri. Alinishika ubavuni, nikapiga yowe. Akaangalia kikombe cha mkojo wangu kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaniuliza kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia: "Nyabo, mama, hii mkojo nachoma tangu lini?"

Nilikuwa sina tena nguvu ya kuona haya. "Tangu maharage," nikasema.

"Maharage!" Akaweka kikombe chini. "Na wewe nangoja nini? Gari ya Yesu?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka, lakini nesi hakucheka. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kitanda kikalia, akanieleza kwa Kiswahili kile kilichovunjika, na nikakielewa kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia. Kwamba wadudu wanaingia kwa mlango mdogo wa mkojo, wanakaa kwenye kibofu, na hapo bado ni kazi nyepesi. Kwamba wakiachwa wanapanda ngazi hadi kwenye figo, na ukishaona homa, kutetemeka, kutapika, na mgongo unauma ubavuni, ujue wamefika juu. Na kwamba mwanamke mwenye mimba hangoji hata usiku mmoja, hata kama moto ni mdogo.

Asubuhi iliyofuata mtoto alitoka. Wa kiume. Alikuwa na kucha, Sifa.

Nilimwuliza nesi kama ningeweza kumwokoa. Hakuniongopea. "Mimi hapana jua," akasema. "Lakini ungekuja mapema, tungemupigania."

Wewe uliambiwa ni malaria. Kila mtu aliambiwa malaria, na nimewaacha waseme hivyo miaka yote hii, maana malaria haina aibu. Mtu anaweza kufa kwa malaria na kaburi lake likabaki na heshima. Ndiyo maana leo naandika kwa kalamu kile kilichokuwa.

Baba yako alirudi, tukalia, na ukakua, na yeye naye akatutoka, unajua hayo. Miaka ikapita. Byamungu akaendelea kuimba nyuma yangu. Alikuwa analeta kuni wakati wa mvua na kusema amekuta zimeanguka njiani, kana kwamba kuni za Nakivale zinaanguka zikiwa zimekatwa na kufungwa kamba. Wewe ndiye uliyenicheka kwanza: "Mama, huyu mutu anakupenda ama anapenda jiko yetu?" Vyote viwili, mwanangu. Vyote viwili! Siku aliponiuliza kama nitakubali kuzeeka naye nilikuwa na unga hadi viwikoni, nikamkumbatia hivyo hivyo, na koti lake jeusi likawa na mikono yangu miwili mgongoni. Mpaka leo anakataa kulipiga brashi.

Sasa sikiliza jambo ambalo mama hamwambii binti yake, nami nakuambia. Hatujamaliza hata wiki mbili za ndoa, moto ukarudi.

Nilijificha nyuma ya nyumba nikilia. Nilifikiri ni adhabu. Nilifikiri, hapo ndipo furaha yangu inapoishia, atasema nimemletea ugonjwa, au nitasema ameniletea yeye. Bamama wa kanisa, wale walionifunda kabla ya arusi, walikuwa wamenionya niwe na maji ya moto na chumvi tayari ya kujikanda. Hakuna hata mmoja aliyenionya kuhusu hili. Byamungu akanikuta nimekaa na sahani sijala.

"Sheri wangu, mbona umenuna?"

"Tumbo," nikasema.

Akaiweka sahani yake chini. Halafu akauliza, polepole, vile vile alivyouliza pale mezani miaka ile yote iliyopita: "Tumbo fasi gani?"

Sifa, nilicheka na kulia kwa pamoja hadi kikohozi kikanishika. Nikasema: "Si tumbo. Nikikojoa inaniunguza."

Unajua alinijibu nini? "Asante." Kama mtu aliyepewa zawadi aliyoingojea. Akashika mkono wangu. "Siku ile niliona vile ulikaa," akasema. "Niliona. Lakini mukalimani anapeleka maneno ya mutu, haongeze yake. Nilitamani sana useme."

"Ungenisaidia!"

"Mbele ya batu bote? Ungeacha kuimba."

Ni kweli, ningeacha. Hapo nikafahamu kwamba mtoto yule hakuwa wangu peke yangu kumbebea huzuni. Mtu huyu alikuwa amembeba pia, bila jina, tangu siku ile.

Asubuhi tulikwenda pamoja. Siku hizi pale yuko mkalimani mwanamke, na mlango ni wa mbao. Byamungu alibaki nje kwenye benchi, amepakata mkoba wangu wa maua kama vile ni wake, na wanaume wakamtania, na hakuujali utani wao. Ndani nilisema neno lenyewe. Nikapewa kikombe, nikaleta mkojo, ukapimwa. Nesi akaniuliza maswali: kuna damu? Kuna homa? Mgongo? Kuna uchafu mwingine unaotoka, kidonda, kuwashwa? Mimba je? Nikajibu yote. Mwisho akauliza kama nina mume. Nikasema, wa wiki mbili. Basi akaangua kicheko. "Eh, bibi harusi! Hii nawapata bengi. Ukimaliza mapenzi, simama, enda kojoa, ndiyo ulale. Na kunywa maji, usiogope maji."

Nikamwuliza kwa woga kama ni ugonjwa wa umalaya. Akatikisa kichwa. Akasema njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, na wadudu hawaulizi cheti cha ndoa. Msichana asiyemjua mwanamume anapata. Bibi kizee anapata. Anayebana mkojo siku nzima anapata. Mengine hutoka kitandani, ndiyo, magonjwa ya zinaa yapo na yanachoma hivyo hivyo, na hayo nayo yana dawa, ila lazima na mwenzako atibiwe. Huwezi kuyatofautisha kwa kukisia wala kwa kumtazama mtu usoni. Ndiyo maana kuna kikombe. Nilimeza dawa zote hadi ya mwisho hata nilipojisikia mzima, na sikumgawia mtu hata moja.

Unaona basi kwa nini nimekosa amani? Nilikuwa nimetoka kufundishwa hayo. Mwezi haujapita. Na binti yangu aliposhika ukuta asubuhi, mdomo wangu ukatoa swali la mke wa shemasi. Sijui lilikaa wapi ndani yangu muda wote huo.

Kwa hiyo nalirudisha. Kama kuna mtu, sikuulizi jina. Kama hakuna mtu, sihitaji kuapiwa. Musawo, awe daktari au nesi, akikuuliza, mjibu yeye ukweli wote, hata wa mimba, maana dawa nyingine haziendi na mimba. Jibu lako halitanifikia ila ukitaka mwenyewe.

Ninaiogopa saluni ile ya Kakoba utakakoanza kazi. Nilipita pale na Vumilia. Mtasuka watu mmesimama tangu asubuhi, na choo kiko nyuma ya duka, kina kufuli, na ufunguo unashikwa na mama wa duka anayekaa mbele ya waendesha boda boda. Nakujua. Utabana hadi jioni kuliko kuomba ufunguo mbele ya wanaume wale. Uombe, Sifa. Uombe kwa sauti ya nesi wa jeshi. Mteja mwenye nusu kichwa hatakimbia. Aende wapi na nusu kichwa?

Na hili ulilonalo leo, usilipeleke Nyamityobora kwa Vumilia ukaliweke chini ya kitanda. Kesho ukifika, kabla ya kufungua mzigo, mwambie Vumilia. Nimemtumia ujumbe kwamba una jambo la kumwambia. Sikumwambia ni jambo gani. Ukihisi homa njiani, au kutetemeka, au mgongo ukuume ubavuni, au uone damu, au utapike, shuka uende hospitali moja kwa moja na mzigo wako kichwani. Usingoje kumsalimia mtu. Na ukipewa dawa, siku mbili zikapita bila nafuu, au ukapona kisha moto ukarudi, na wewe urudi. Hakuna anayehesabu mara ulizokwenda.

Ukikalishwa mbele ya mtu akauliza unaumwa wapi, usiseme tumbo.

Namsikia Byamungu anakuja, anaimba sehemu yake peke yake, na besi bila sauti nyingine ni kama mtu anayetafuta mbuzi gizani. Nampenda hadi inanitisha. Nitaikunja barua hii ndani ya kitenge cha bluu, kile unachokipenda, ili uione utakapokitafuta na si kabla; nikikupa mkononi utaniangalia, nami nitashindwa na kuanza kuongea habari za sabuni.

Sijasema bado kile nilichopaswa kusema asubuhi. Pole, mwanangu. Pole sana. Inauma tangu lini?

Hilo unijibu kwa mdomo. Usiningoje ili utibiwe, nenda kesho. Lakini watakapokuambia urudi kuangaliwa tena, nataka niwe kwenye benchi la nje, nimepakata mkoba wako. Byamungu ameshaahidi kumwagilia mboga na kujipikia, Mungu asaidie sufuria zangu. Nakuja Mbarara, Sifa, na mwezi huu hautaisha kabla hujaniona mlangoni kwa Vumilia.

Mama yako